Namna ya kuzungumzia kwa Kiingereza jinsi maisha ya wanawake yanavobadilika

Mada hii haikosi kutokea, dibeti za skuli zinayo, intavyuu za hoteli wanaiuliza, mgeni pale Jambiani, kwetu Zanzibar, akiona kinamama wanarudi kutoka pwani na magunia ya mwani naye anataka kujua, na vijana wetu wengi wanakwama hapo, si kwamba hawana la kusema, wanalo tele, ila wamekariri "empowerment" (kuwezeshwa) na "gender equality" (usawa wa kijinsia) basi kila sentensi ni hayo hayo mawili hadi anayesikiliza hajui unamzungumzia nani. Ushauri wangu anza na mwanamke unayemjua, mama, shangazi, jirani, useme zamani alikuwa anafanya nini na sasa anafanya nini, yale maneno makubwa yaje baadae yakae juu ya kitu.

Kwa hiyo cha mwanzo ni namna ya kusema jambo lilikuwa na sasa haliko. Hapo tumia "used to". "Women used to depend on their husbands for money", zamani wakitegemea waume kwa pesa. Ukikanusha ile d inaondoka, "My aunt didn't use to travel alone". Halafu kuna "no longer" kwa kilichokoma, "more and more women" kwa kinachozidi, na kwa kilichoanza zamani na bado kinaendelea weka "have" na "since". Mfano mzuri tunao wenyewe: kilimo cha mwani, yale majani ya baharini, cha biashara kilianza 1989 huko Paje na Jambiani, na wakulima wengi ni wanawake, basi sema "Since 1989 many women on the east coast have earned their own income from seaweed". Shika hilo "earn", linakwenda na "money", "income", "a living". Anayelisha nyumba ni "breadwinner", awe mume au mke. Anayejitegemea kwa pesa ni "financially independent". Na "role" inakwenda na "play", sema "women play an important role in the economy", wengi nawasikia wanasema "do a role", siyo.

Ukitaka kueleza kikwazo neno ni "barrier", na mwani huo huo unakupa hoja nzito. Ile aina ya mwani inayoitwa cottonii, yenye bei nzuri, imekuwa ikifa kwenye maji ya kina kidogo kwa sababu bahari imepata joto, inastawi zaidi maji ya kina kirefu, na huko unahitaji chombo cha baharini na kujua kuogelea, kitu ambacho kinamama wengi wa pwani hawakufunzwa wakiwa wadogo. "Many women were never taught to swim, and this is a barrier to better pay." Sentensi moja hiyo, mwalimu anakupa maksi zake na mgeni anakaa kimya anakusikiliza.

Sasa nyumbani, na hapa naomba sana mtu asipite haraka. Kazi za ndani kwa jumla ni "housework", moja moja ni "chores", kulea ni "bring up" au "raise", watoto hatuwa-"grow", hiyo ni ya mihogo. Kuangalia mgonjwa au mzee ni "look after". Kazi yote hii isiyolipwa inaitwa "unpaid care work", na mwanamke aliyekuwa baharini tangu maji yanatoka akarudi akakuna nazi akapika akafua akaenda kumchukua mtoto chuo cha Kurani, hiyo Kiingereza kinaita "double burden", mzigo mara mbili. Na usiseme kabisa "my mother doesn't work". Anafanya kazi, tena ndo wa kwanza kuamka. Sema "she doesn't have a paid job" au "she works at home". Na baba akishika ufagio usiseme "he helps her" kama vile nyumba ni ya mama peke yake, sema "they share the housework".

Kwenye ndoa Kiswahili chetu kinatutega. Sie mwanamme anaoa, mwanamke anaolewa, mtu anatafsiri moja kwa moja anasema "she was married by Ali", mzungu anaelewa Ali ndiye shekhe aliyefungisha ndoa! Kiingereza wote wawili ni sawa, "she married Ali", "Ali married her", au "they got married". Mahari nayo usikimbilie "dowry", kwa Kiingereza hiyo mara nyingi ni mali inayotoka upande wa mke, na "bride price" inakwenda kwa wazee wake, wakati mahari kwa dini yetu ni haki ya mke mwenyewe. Bora useme "mahr" kisha ueleze: "It is a gift from the husband to his wife, and it belongs to her."

"He" na "she" zinatupotea kwa sababu yeye yetu ni moja kwa wote, hamna dawa ila kusema kwa sauti polepole. Na "woman" mmoja, "women" wengi, hiyo ya wengi inatamkwa kama wímin, usiandike "a women".

Majina ya kazi nayo yamebadilika, siku hizi "police officer" kuliko "policeman", "firefighter" kuliko "fireman", "chairperson" kuliko "chairman", na daktari ni "doctor" tu, hakuna haja ya "lady doctor". Kazi iliyojaa wanaume kama unahodha ni "male-dominated". Aliyefungua njia ni "pioneer", na hapo mifano ya kwetu ipo mpaka ya kuchagua. Siti binti Saad wa Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu, alikwenda Bombay 1928 kurekodi taarab: "She was a pioneer of recorded music in East Africa." Samia Suluhu Hassan wa Makunduchi: "In March 2021 she became the first woman to lead Tanzania as president."

Mwisho utaulizwa mabadiliko haya ni mazuri au mabaya, hususan kwenye dibeti. Usijibu yes au no ukakaa. Anza "In my view" kisha weka sababu na "because", ukitaka kukubali upande wa pili kidogo tumia "It is true that ... but ...". Kwa mfano: "It is true that some people worry about the family, but when mothers earn money, children stay in school longer." Kama mwenzio kasema jambo hulikubali mwambie "I see your point, but I don't agree", kisha mpe mfano wa huyo huyo jirani uliyeanza naye.