Kutafuta sarafu za Kirumi mashambani Uingereza: jinsi ya kuomba ruhusa na kuripoti

Kutembea na detekta ya metali kwenye shamba la ngano Norfolk au Somerset hakuhitaji leseni ya serikali. Kunahitaji ruhusa ya mwenye ardhi, na hapo ndipo wengi huteleza. Maelezo haya ni ya England na Wales tu. Scotland na Ireland Kaskazini zina sheria zao, tena kali zaidi.

Kwanza ujue ardhi ni ya nani. Anayelima mara nyingi ni mpangaji, kwa hiyo mwombe yeye na mwenye ardhi pia. Njia ya umma inayokatiza shamba inakuruhusu kupita, si kuchimba.

Pili, andikeni makubaliano. Ukurasa mmoja unatosha: majina, ramani yenye mashamba yaliyokubaliwa, muda, na mgawo wa vitakavyopatikana. Desturi ni nusu kwa nusu. Msiseme mtaelewana baadaye, maana fedha zikishaonekana kuelewana huwa kugumu.

Tatu, kabla ya kuwasha chochote fungua MAGIC, ramani ya serikali kwenye intaneti, uone kama shamba lina eneo la kale linalolindwa kisheria (scheduled monument). Hapo hata idhini ya mkulima haikufai: kutumia detekta bila kibali cha maandishi cha Historic England, shirika la serikali la urithi wa kale (au Cadw, ukiwa Wales) ni kosa, hata usipochimba. Mwulize pia mkulima kama analipwa na serikali kutunza mazingira, kwani mikataba hiyo huweza kuzuia detekta.

Wakati mzuri ni baada ya mavuno, kabla mbegu hazijapandwa. Usichimbe chini ya udongo uliogeuzwa na jembe, ambao kwa kawaida una kina cha sentimita 20 hadi 30. Chini ya hapo vitu bado vimelala vilivyoachwa.

Shaba ya karne ya 4 hutoka ya kijani, ndogo kama kifungo cha shati. Usiisugue kwa kidole, wala usiitie kwenye siki: maandishi yamebaki kwenye utando ule wa kijani, ukitoka yanaondoka nao. Itie kwenye mfuko wake, uandike namba na mahali. Kwenye gridi ya taifa, herufi mbili na tarakimu 8 hukufikisha ndani ya mita 10; tarakimu 10, mita 1.

Ukigonga chungu, acha. Mwaka 2010 huko Frome, Somerset, mtafutaji Dave Crisp aliacha kuchimba akaita wanaakiolojia. Walitoa sarafu 52,503 tabaka kwa tabaka, na kwa kuwa nyingi za mtawala Carausius, zilizo mpya kuliko zote humo, hazikuwa juu bali chini ya nusu ya chungu, ikajulikana kwamba hakikujazwa kidogo kidogo kwa miaka. Angezizoa kwa ndoo, habari hiyo ingepotea.

Sasa kuripoti. Sarafu moja ya Kirumi kwa kawaida si hazina kisheria. Hazina ni sarafu mbili au zaidi za mahali pamoja, zenye umri wa miaka 300 na kuendelea na angalau asilimia 10 ya dhahabu au fedha. Zikiwa na chini ya hapo, ziwe angalau 10. Tangu Julai 2023 kitu chenye metali cha zaidi ya miaka 200 na umuhimu wa pekee nacho kimeingizwa.

Una siku 14 kumwarifu koroneri, afisa yuleyule anayechunguza vifo vya utata. Njia rahisi ni kupitia Finds Liaison Officer wa eneo lako, yaani afisa anayepokea taarifa za vitu vya kale vilivyopatikana, maarufu kama FLO, ambaye huandika taarifa na kukupa risiti. Siku huhesabiwa tangu ulipopata, au ulipotambua kuwa huenda ni hazina. Kunyamaza kunaweza kukupeleka jela hadi miezi mitatu. Hata sarafu moja moja mpelekee FLO: ataisajili, kisha akurudishie.

Jumba la makumbusho likitaka hazina, koroneri huamua kama kweli ni hazina, kisha kamati huru hupendekeza thamani yake, na malipo huenda kwako na kwa mwenye ardhi. Uliyeingia bila ruhusa unaweza kupunguziwa au kunyimwa kabisa. Jiandae kungoja mwaka au zaidi. Lisipotaka jumba lolote, sarafu hurudishwa baada ya mwenye ardhi kupewa nafasi ya kupinga, na ukitaka kuzitoa nje ya nchi lazima uombe kibali, hata ziwe za bei ndogo.