Ulaya kwa treni na mtoto wa miaka miwili: hatua za kuchagua usafiri na kupanga mwendo

Wazazi wengi wanaoniomba niwapitishie ratiba huwa wameanza na orodha ya miji, wakatafuta treni na ndege za kuiunganisha, na mtoto wakamfikiria mwishoni kabisa. Mimi hupanga kinyume chake. Usingizi wa mchana wa mtoto ndio unaotangulia, halafu usafiri, halafu miji. Nitaonyesha njia hiyo kwa mfano mmoja: familia ya Dar es Salaam au Nairobi yenye mtoto wa miaka miwili, mwezi Juni, usiku 14, inayoingilia Amsterdam na kuondokea Zürich.

Hatua ya kwanza: andikeni siku ya mtoto

Wiki moja kabla ya kukata tiketi yoyote, andikeni saa anazoamka, anazokula na anazolala. Watoto wengi wa umri huu hulala mchana kuanzia saa 7 hivi, na mtoto aliyekosa usingizi huo huwaharibia jioni watu wote aliofuatana nao, kwa hiyo chukulieni muda huo kuwa umekwishajaa kwenye ratiba. Majira ya joto, Ulaya ya kati huwa nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 1 tu, na majira ya baridi kwa saa 2. Maana yake ni kwamba mtoto aliyezoea kuamka saa 12 asubuhi ataamka saa 11 alfajiri mkiwa Amsterdam, na tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba sioni haja ya kuhangaika kuirekebisha: wekeni kifungua kinywa chumbani tangu usiku, na mtoke mapema wakati bustani bado ni tupu.

Jioni ndiyo yenye kazi. Mwezi Juni jua la Amsterdam huzama karibu saa 4 usiku, na mtoto hawezi kuamini kwamba ni wakati wa kulala wakati chumba kinang'aa. Bebeni vitenge viwili vya rangi iliyokoza na vibanio vya nguo, mvibane juu ya pazia na hasa pembeni, ambako mwanga hupenya zaidi.

Hatua ya pili: chagueni makao machache

Kanuni yangu ni usiku 3 au zaidi katika kila mji, na siku ya kuhama isipangiwe jambo lingine lolote. Kwa usiku 14 napendekeza Amsterdam ya Uholanzi usiku 4, Köln 3 na Freiburg 3, zote za Ujerumani, na Luzern ya Uswisi 4. Freiburg imeingia kwa sababu ya umbali: kutoka Köln hadi Luzern ni zaidi ya saa 5 pamoja na kubadilisha treni, mwendo ambao mtu mzima huuvumilia lakini mtoto wa miaka miwili huumaliza akiwa amechoka na kulia. Mkiugawa, Köln hadi Freiburg ni kama saa 3 kwa treni ya moja kwa moja, kisha Freiburg hadi Basel ni chini ya saa 1, mji wa Uswisi ulio mpakani, na Basel hadi Luzern ni kama saa 1. Tena Freiburg iko ukingoni mwa Msitu Mweusi, na mtoto hupata nafasi ya kukimbia baada ya miji miwili ya lami.

Mgawanyo huu ndio unaoamua pia mahali pa kuombea viza. Nchi zote tatu zimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na maombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Hapa ni Ujerumani, yenye usiku 6, ingawa mnaingilia Uholanzi. Mtoto hujaziwa fomu yake na huhitaji pasipoti yake, lakini aliye chini ya miaka 6 halipiwi ada ya viza.

Mnapotafuta mahali pa kulala Amsterdam, ulizeni ngazi kabla ya kuuliza bei. Nyumba za kale za pembezoni mwa mifereji zina ngazi nyembamba zilizosimama wima mno, na kupanda ghorofa ya tatu na kigari, sanduku na mtoto aliyelala begani ni hatari ya kweli. Takeni ghorofa ya chini au jengo lenye lifti.

Hatua ya tatu: pimeni usafiri kutoka mlango hadi mlango

Ndege huonekana fupi kwenye tangazo. Mkijumlisha safari ya kwenda uwanjani, foleni ya ukaguzi, kusubiri mizigo na safari ya kuingia mjini, ndege ya saa 1 inakuwa nusu siku, na sehemu kubwa ya nusu siku hiyo mtoto anatakiwa kusimama au kuketi kimya. Treni ya Amsterdam hadi Köln huchukua chini kidogo ya saa 3, na inawashusha mlangoni pa kanisa kuu la Köln. Ndani yake mtoto anaweza kutembea, na pampasi hubadilishwa kwenye meza chooni badala ya mapajani. Basi la masafa marefu ni rahisi kwa fedha, lakini mtoto hufungwa mkanda muda wote. Kwa umri huu sipendekezi.

Gari la kukodi lina faida vijijini tu, kwa mfano siku moja ya kuzunguka Msitu Mweusi kutoka Freiburg. Kiti cha mtoto ni lazima kisheria. Kiagizeni mapema, mkikague wenyewe kabla ya kuondoka, na kama ni cha kutazama nyuma, kamwe kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa (airbag) ambao haujazimwa. Ipo pia treni ya usiku ya Nightjet kati ya Amsterdam na Zürich. Ningeikubali kwa familia iliyopata chumba chake peke yake cha vitanda. Kwenye viti vya kawaida, hapana.

Hatua ya nne: kateni tiketi, na viti pia

Mtoto wa miaka miwili hatozwi nauli kwenye treni za Uholanzi, Ujerumani na Uswisi. Lakini kusafiri bure hakumpi kiti. Kwenye treni za ICE, zile za mwendo kasi za Ujerumani, tiketi na kiti ni vitu viwili tofauti, na familia isiyohifadhi viti inaweza kujikuta imesimama karibu na mlango mwezi wa likizo. Lipieni kiti cha kila mmoja, mtoto akiwemo, na mtafute chumba kidogo cha wenye watoto wachanga kinachoitwa Kleinkindabteil, ambacho kina mlango wake na nafasi ya kigari. Hujaa mapema. Kwenye baadhi ya treni za ghorofa mbili za Uswisi kuna behewa la familia lenye uwanja wa michezo ghorofa ya juu. Mkiliona, pandeni humo.

Tiketi ya bei nafuu ya Ujerumani, Sparpreis, huwafunga kwenye treni mliyoichagua. Sioni ubaya wake, kwa sababu treni hiyo ikichelewa mkakosa ya kuunganisha, mnaruhusiwa kupanda inayofuata. Msikubali tu muunganiko wa dakika 8 ambao mtambo wa kuuza tiketi huupendekeza bila kujua kwamba mna kigari na lifti moja yenye foleni. Wekeni dakika 30.

Hatua ya tano: siku ya kuhama

Chagueni treni inayoondoka karibu saa 6 na nusu mchana. Kwenye ratiba za huko itaandikwa 12:30. Asubuhi mtoto achezeshwe hadi achoke, ale ndani ya treni katika nusu saa ya kwanza, kisha alale kwa mwendo uliobaki. Mtafika karibu saa 9 alasiri, wakati ambao nyumba nyingi za wageni ndipo zinapotoa funguo. Anayeondoka saa 2 asubuhi hufika mapema, akabaki na mtoto mwenye usingizi na masanduku mtaani.

Fikeni jukwaani dakika 20 kabla. Ubaoni huonyeshwa behewa lenu litasimama kwenye sehemu ya herufi gani, A, B, C na kuendelea. Simameni hapo hapo, kwa kuwa treni husimama dakika chache tu na kukimbia na kigari ubavuni mwa treni ndefu hakufai. Mzazi mmoja ashike mtoto tu, mwingine mizigo. Kwa Köln, anzeni kujiandaa dakika 10 kabla ya kufika, maana treni hupita na kuendelea. Luzern ni mwisho wa reli, hivyo mnaweza kushuka taratibu. Basel ina stesheni mbili za kuangalia: treni kutoka Freiburg husimama kwanza Basel Badischer Bahnhof, lakini ya Luzern mnaipandia Basel SBB, inayofuata.

Msihamie Köln wala Freiburg siku ya Jumapili. Maduka ya Ujerumani hufungwa siku hiyo, isipokuwa yaliyomo kwenye stesheni kubwa na machache mengine, na kutafuta pampasi na maziwa katika mji mgeni uliofungwa ni usumbufu unaoepukika kwa kuhama Jumamosi au Jumatatu.

Hatua ya sita: siku za kukaa

Jambo moja kabla ya usingizi wa mchana, na jingine dogo baada yake. Amsterdam, asubuhi katika bustani ya Vondelpark inatosha. Köln, ingieni kanisa kuu na mwende kando ya mto Rhein, bila kupanda ngazi 533 za mnara. Luzern, gati la meli liko mbele ya stesheni, na makumbusho ya usafiri ya Verkehrshaus yana treni na ndege za kutosha asubuhi nzima. Rudini mlale, na jioni mtembee hadi daraja la mbao la Kapellbrücke.

Mkiwa na usiku 10 tu, msizifupishe siku za kila mji. Ondoeni Freiburg na Luzern, mkae Amsterdam na Köln usiku 5 kwa 5, na mrudi nyumbani kupitia Frankfurt, ambako treni ya ICE kutoka Köln hufika kwenye stesheni ya uwanja wa ndege kwa kama saa 1. Kwa kuwa usiku ni sawa kwa nchi zote mbili, viza mtaiombea Uholanzi, mnakoingilia.