Somo: Kukokotoa nguvu ya tsunami kwenye ukuta wa nyumba ya pwani

Mafundi wengi wa Mbeya na Iringa tunaitwa kujenga Kilwa, Mtwara na Bagamoyo. Ukuta wa Uyole, kule Mbeya, kazi yake ni kubeba paa na kukinga upepo. Wa ufukweni unaweza kusukumwa na bahari. Desemba 26, 2004, mawimbi yaliyoanzia Sumatra, Indonesia, yalivuka Bahari ya Hindi yakaua watu hadi Dar es Salaam, kwa hiyo somo hili ni letu pia. Chukueni karatasi na kikokotoo.

Tuchukue ukuta wa upana wa mita 4, usio na dirisha. Maji nje yamefika mita 2, ndani bado pakavu.

Hatua ya 1: maji yaliyotulia. Mgandamizo huongezeka kadiri unavyoshuka. Chini kabisa ni 1,025 (kilo za mita moja ya ujazo ya maji ya bahari) × 9.81 (mvutano wa dunia) × 2 (kina), sawa na nyutoni (kipimo cha nguvu) 20,100 hivi kwa kila mita ya mraba. Juu ni sifuri, basi wastani ni nusu yake. Zidisha kwa mita 8 za mraba: nyutoni 80,000, yaani uzito wa tani 8. Maji yakishaingia ndani, nguvu hii hupungua kwa sababu pande zote mbili zinasukuma.

Hatua ya 2: maji yanayokwenda. Hapa ndipo penye kazi, tusiharakishe. Kanuni ni nusu × uzito wa mita moja ya ujazo ya maji × kizidishi cha umbo × eneo × kasi × kasi. Kizidishi cha umbo ni namba inayoonyesha umbo linavyozuia maji; jengo la pembe nne tunalipatia 2. Kasi ikiwa mita 5 kwa sekunde: 0.5 × 1,025 × 2 × 8 × 25 = nyutoni 205,000, karibu tani 21. Sasa weka kasi ya mita 8. Unapata karibu tani 53, na kina cha maji hakijaongezeka hata sentimita moja! Kasi inazidishwa kwa yenyewe. Anayekuuliza maji yatafika kimo gani, mwulize na yeye yatakuja kwa kasi gani.

Hatua ya 3: kuelea. Nyumba ya mita 10 kwa 8, jamvi (sakafu ya zege) limefungwa na kuta, maji nje ni mita 2 zile zile, ndani hayajaingia: mita 160 za ujazo, msukumo wa kwenda juu tani 164. Ni kama ndoo tupu unayoizamisha kwenye pipa. Nyumba iliyopunguziwa uzito hivyo haishiki tena msingi, ikisukumwa ubavuni inahama. Mwaka 2011 huko Onagawa, Japani, majengo ya zege yalipinduka mazimamazima.

Hatua ya 4: vinavyobebwa. Magogo, magari, boti. Banda Aceh, Indonesia, mwaka 2004, meli ya kuzalisha umeme ya tani 2,600 ilisukumwa zaidi ya kilomita 2 nchi kavu. Hata takataka ndogo zikinasa kati ya nguzo zinaziba nafasi, eneo linakua, unarudi kukokotoa hatua ya 2 upya.

Hatua ya 5: msingi. Maji huchimba mchanga kwenye pembe za jengo, wakati wa kuja na wa kurudi. Shuka chini zaidi.

Kwa maoni yangu, kunenepesha ukuta ni kutupa fedha. Punguza eneo linalokutana na maji: chini acha nguzo imara za zege zilizofungwa vizuri kwa bimu, na kuta za kati ziwe za kung'oka bila kuvuta nguzo. Kule Lampuuk, Aceh, msikiti ulibaki umesimama huku kila kitu kuuzunguka kimefagiwa. Ghorofa yake ya chini ilikuwa na nguzo na uwazi mwingi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Tukuyu: Shikamoo mwalimu. Tofali zetu za kuchoma zikijengwa kwa saruji nyingi hazitoshi?

Jibu: Marahaba. Hazitoshi. Tofali linabeba mzigo wa kutoka juu, ila likisukumwa ubavuni ukuta unapinda na kupasuka kwenye viungo. Saruji haibadilishi hilo, nondo ndiyo inayobadilisha.

Mwanafunzi, Iringa: Kwa nini 1,025 na si 1,000?

Jibu: Chumvi, mdogo wangu. Na maji ya tsunami hubeba mchanga na matope, hivyo wasanifu huongeza tena kama asilimia 10.

Mwanachama, Matema: Na sisi wa Ziwa Nyasa?

Jibu: Ziwa linaweza kupata wimbi kubwa mlima ukiporomokea majini. Vajont, Italia, mwaka 1963, maporomoko yaliingia kwenye bwawa, wimbi likaruka juu ya ukuta wake na kuua watu karibu 2,000. Ninyi mna milima ya Livingstone imesimama juu ya maji. Ardhi ikitikisika kwa nguvu ukiwa ufukweni, panda juu, usisubiri kuambiwa.

Mwanachama, Tukuyu: Ndaga mwalimu. Mteja wangu wa Kilwa tayari amemwaga jamvi. Nimwambieje?

Jibu: Msijenge kuta kwanza. Pima umbali toka ufukweni, mwinuko wa kiwanja na kina cha msingi, na uangalie kama nguzo zinaweza kuongezwa bila kuvunja. Nitumie vipimo, tutavikokotoa hapa hapa hatua kwa hatua.