Kitabu chako cha Kindle kwa bei ya ofa: piga hesabu kabla hujalipia tangazo

Hii ni kwa wale mnaoandika kwa Kiingereza na kujichapishia Amazon mkiwa Dar, Nairobi, Kampala au popote pale, kitabu kiko hewani, ndugu na marafiki wameshanunua, halafu kimya, na sasa mnafikiria kulipia huduma za barua pepe zinazotangaza vitabu vya bei ya ofa. Kama umeandika kwa Kiswahili sehemu kubwa ya haya haitakufaa manake wasomaji wa hizi huduma ni watu wanaosoma Kiingereza, wengi wako Marekani na Uingereza.

Huduma zenyewe zinafanya kazi hivi. Kampuni ina orodha ya barua pepe ya wasomaji waliojiandikisha wenyewe kutumiwa vitabu vya bei ya chini, kila mmoja kachagua anapenda nini, mapenzi, upelelezi, fantasia, historia, na kila siku anapokea barua yenye vitabu vichache, kava, mistari miwili mitatu ya maelezo, bei na linki ya dukani. We mwandishi unalipia nafasi ya siku moja kwenye barua hiyo. Kubwa kuliko zote ni BookBub, ilianza mwaka 2012, na hao wana wahariri wanaochagua, wanakataa vitabu vingi sana, na ukikubaliwa bei ni mamia ya dola na kwa aina zenye wasomaji wengi inapita hapo. Nyingine ni Freebooksy ya vitabu vya bure na Bargain Booksy ya vitabu vya bei iliyoshushwa (zote mbili za Written Word Media), The Fussy Librarian, Ereader News Today, Robin Reads. Hizi ndogo ndo za kuanzia.

Sasa kabla hujatoa kadi, kaa na kalamu, hapa ndo watu wanaliwa hela.

Tuseme umelipa dola 50 na umeshusha kitabu hadi senti 99. Amazon wanakupa mrabaha (mgao wako kwa kila nakala) wa 70% kitabu kikiwa kati ya dola 2.99 na 9.99, chini ya hapo ni 35%. Kwa hiyo ukishusha bei mwenyewe kwa mkono, kila nakala inakuletea kama senti 35. Bado kodi. Nchi zetu hizi, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo mauzo ya Marekani yanakatwa 30% kabla pesa haijakufikia, ile fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN, unayojaza kwenye akaunti ndo inaamua hilo. (Ukiwa mkazi wa Uingereza mkataba upo na mrabaha unakatwa 0%, so jaza kulingana na unapolipia kodi, usimwige rafiki yako wa nchi nyingine.) Senti 35 ukitoa 30% inabaki senti 24 na kitu, na kurudisha dola 50 unahitaji kuuza nakala 207. Kwa siku moja, kwa mwandishi ambaye hajulikani. Ni nyingi.

Njia ya pili ni Kindle Countdown Deal. Ukiwa umeingiza kitabu KDP Select (KDP ni ule mfumo wa Amazon wa kujichapishia), yaani umekubali kukiuza kidijitali Amazon peke yake kwa siku 90, unaweza kushusha bei kwa muda hadi siku 7 na bado ukalipwa 70% hata kwenye senti 99. Hapo kuna ada ya kusafirisha faili, senti 15 kwa kila MB, inatolewa kwanza ndo unapigiwa asilimia. Riwaya ya maandishi matupu yenye nusu MB unapata kama senti 64, ukikatwa kodi senti 45, na dola 50 inarudi kwa nakala 112. Karibu nusu ya ile ya kwanza, kwa kubonyeza sehemu tofauti tu. Ila mwenye kitabu cha mapishi kilichojaa mapicha ya pilau na mahamri awe makini, faili likiwa MB 5 ada inakuwa senti 75, unabaki na senti 24 za kupigiwa 70%, unaambulia kama senti 17, bora hata ile ya 35%. Punguza uzito wa picha kabla hujapakia.

Masharti ya Countdown nayo yasome vizuri: inafanya kazi Amazon.com na Amazon.co.uk tu, kitabu kiwe kimekaa Select siku 30, bei isiwe imeguswa siku 30 kabla, na ndani ya zile siku 90 unachagua moja, ama Countdown ama siku 5 za bure, huwezi zote.

Hata hizo nakala 112 ni ngumu, na ndo maana mi nasema kwa moyo wote, usitangaze kitabu kimoja kisicho na ndugu. Ofa inalipa pale ambapo kitabu unachokishusha ni cha kwanza kwenye mfululizo. Angalia hesabu: kitabu cha pili kikiwa dola 3.99, kila nakala inakuachia kama dola 1.92 baada ya ada na kodi, kwa hiyo wasomaji 27 wakimaliza cha kwanza na kununua cha pili, dola 50 zako zimerudi, hata kama cha kwanza ulikigawa bure kabisa. Nakala 207 dhidi ya watu 27. Na cha tatu kikiwepo, wale wale wanaendelea. Kama una kimoja tu, hiyo dola 50 mpe mhariri wa kitabu cha pili.

Haya, kitabu unacho na mwendelezo upo. Fungua ukurasa wa mwisho wa hicho cha kwanza, hapo hapo hadithi inapoishia weka jina la kitabu cha pili, sentensi mbili za kumnyanyua mtu roho na linki. Usitangulize shukrani za kurasa nne kwa familia na wachungaji, zipeleke nyuma ya linki. Msomaji akimaliza saa sita usiku bado ana hamu, akikuta ukurasa wa kubonyeza atabonyeza. Halafu kava. Wasomaji wa hizi barua wanaliona dogo kwenye simu, hebu lipunguze liwe saizi ya stempu uone kama jina linasomeka na kama mtu anajua ni kitabu cha aina gani bila kuambiwa. Riviu nazo, huduma kadhaa zinataka kitabu kiwe na idadi fulani ya riviu, na hata zisipotaka, msomaji akikuta ziro anapita. Zitafute kwa wasomaji halisi, kuwapa nakala ya mapema bure inaruhusiwa, kulipia riviu hairuhusiwi na Amazon wanaweza kukufungia akaunti.

Kwenye kupanga tarehe, weka kwanza oda ya tangazo ndo upange bei, manake huduma zina kalenda na siku nzuri zinajaa wiki kadhaa mbele. Ofa ya siku tano igawe: siku ya kwanza huduma ndogo, ya pili na ya tatu nyingine ndogo, kubwa iweke siku ya nne. Waandishi wengi wanapanga hivi ili mauzo yapande mfululizo badala ya kuruka siku moja na kuanguka. Na bei iwe imeshashuka kabla barua haijatoka, ukibadilisha kwa mkono Amazon wanaweza kuchukua hadi saa 72, so anza siku tatu nne nyuma.

Saa zinachanganya wengi. KDP inatumia saa za Pasifiki, saa sita usiku ya kwao ni saa nne asubuhi kwetu kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, miezi mingine ni saa tano asubuhi. Ukiamka saa kumi na mbili ukaona bei bado ya zamani usianze kutuma malalamiko, huko bado ni jana. Na bei unayoiona ukiwa Bongo inaweza isiwe ile anayoiona Mmarekani, kwa hiyo kama una ndugu Houston au Minneapolis muombe akupigie skrinishoti ya ukurasa wa kitabu siku yenyewe ikianza. Bei ikiwa haijashuka waandikie huduma mapema, wengi wanahakiki kabla ya kutuma na kitabu chenye bei kamili kinaondolewa.

Jihadhari pia na wanaokufuata wao. Ukishachapisha utapokea ujumbe WhatsApp, Instagram na kwenye barua pepe, mtu anakusifia kitabu ambacho hajakisoma halafu anaahidi "wasomaji elfu 50" au nafasi ya uhakika BookBub. Nafasi ya BookBub hainunuliwi kwa mtu wa kati, unaomba mwenyewe kwenye akaunti yako, bure, na unalipa baada ya kukubaliwa. Huduma ya kweli ina ukurasa wenye bei, idadi ya wasomaji kwa kila aina ya kitabu, na unaweza kujiandikisha kama msomaji ukapokea barua zao wiki mbili ukaona zinafananaje. Fanya hivyo kabla hujalipa yoyote, ukiona vitabu vyenye kava baya na hakuna kinachofanana na chako, achana nao.

Ofa ikiisha usifunge daftari siku hiyo. Andika kila siku nakala ngapi za cha kwanza, ngapi za cha pili, kurasa ngapi zimesomwa Kindle Unlimited (maktaba ya Amazon ambayo msomaji analipia kwa mwezi, vitabu vya Select vinaingia humo), na huduma gani ilitoka siku ipi, endelea hivyo kwa wiki nne maana watu wanapakua leo wanasoma mwezi ujao. Ukiona siku ya huduma fulani cha kwanza kilipaa lakini baadaye cha pili hakikuguswa, rudi kwenye kitabu chenyewe, sura za mwisho, kabla hujalipia tangazo jingine. Cha pili kikisogea, rudia huduma zile zile baada ya miezi kadhaa na ongeza moja mpya, na kwa BookBub tuma ombi, wakikataa unaruhusiwa kuomba tena baada ya wiki 4, weka alamu kwenye simu, na ukiomba weka tiki pia kwenye ofa ya nje ya Marekani, yaani Uingereza, Kanada, Australia na India, bei yake ni ndogo.