Namna ya Kuandaa Sherehe ya Kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji katika Jumuiya

Jumuiya ndogo ndogo yoyote ya Tabora ambayo somo wake, yaani mtakatifu msimamizi wake, ni Yohane Mbatizaji hukuta katika kalenda ya Kanisa siku zake mbili: tarehe 24 Juni, anapoadhimishwa kuzaliwa kwake, na tarehe 29 Agosti, anapokumbukwa kukatwa kichwa. Ya kwanza ina hadhi ya Sherehe, ambayo ndiyo ngazi ya juu kabisa, na mavazi yake ni meupe. Ya pili ni Kumbukumbu na mavazi yake ni mekundu. Kabla ya kugawana kazi, wanajumuiya wote waelewe kwamba wanaandaa ile ya kwanza, kwa sababu mara nyingi mapambo, nyimbo na mafundisho huelekea mto Yordani na ubatizo wa Yesu, jambo ambalo lina sikukuu yake yenyewe mwezi Januari. Hapa tunaadhimisha mtoto mchanga, wazazi wazee na jina lililowashangaza majirani.

Mtoa mafundisho aanzie kwenye jambo lisilo la kawaida: kwa desturi Kanisa humheshimu mtakatifu katika siku aliyokufa, yaani siku aliyozaliwa mbinguni. Katika kalenda ya jumla ya Kanisa la Roma ni watu watatu tu ambao kuzaliwa kwao duniani kunaadhimishwa: Bwana wetu Yesu Kristo tarehe 25 Desemba, Bikira Maria tarehe 8 Septemba, na Yohane. Sababu yake imo katika sura ya kwanza ya Injili ya Luka, ambamo malaika anamwambia Zakaria, baba yake Yohane, kwamba mtoto atajazwa Roho Mtakatifu tangu tumboni mwa mama yake, na baadaye mtoto huyo anaruka kwa furaha Maria anapomsalimu Elizabeti, mama yake. Tarehe nayo inatokana na sura hiyo hiyo: Maria alipopashwa habari kwamba atamzaa Yesu, Elizabeti alikuwa katika mwezi wa sita, ndiyo maana Yohane amewekwa miezi sita kabla ya Noeli.

Wahubiri wa Ulaya wamezoea kuongeza kwamba kuanzia siku hizo mchana hupungua, sawa na maneno ya Yohane, “Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua.” Maelezo hayo ni mazuri huko kwao, lakini Tabora iko kusini mwa ikweta na mwishoni mwa Juni mchana wetu ndio kwanza unaanza kurefuka, ingawa kwa dakika chache. Ni afadhali kuyaacha.

Mkesha wa tarehe 23 jioni ndio wenye utajiri mkubwa zaidi, na Misa yake ina masomo yake ya pekee, ikiwamo Injili ya Zakaria hekaluni. Ikiwa padre hatafika kigangoni, katekista anaweza kuongoza ibada ya Neno kwa kusoma Luka 1:5–25, kisha aya ya 57 hadi 80. Achaguliwe mzee mmoja awe Zakaria, naye akae kimya kabisa tangu malaika anapoondoka, hata akisalimiwa, kwa kuwa Zakaria alifanywa bubu kwa kutosadiki maneno ya malaika, huku wanajumuiya wengine wakibishana juu ya jina kama majirani wale walivyobishana. Ubishi huo hauhitaji kufundishwa: katika Unyamwezi, ambako mapacha ni Kulwa na Doto bila mtu kuulizwa, na mjukuu hutarajiwa kubeba jina la babu yake, kila mtu anajua jina lisilo la ukoo linavyopokewa. Mzee apewe kibao na chaki, aandike “Jina lake ni Yohane,” ndipo ulimi wake ufunguke na aanzishe Wimbo wa Zakaria, “Atukuzwe Bwana, Mungu wa Israeli,” ambao Kanisa huusali kila siku katika Masifu ya Asubuhi.

Kwaya nayo ina deni kwa siku hii. Katika karne ya 11 Guido wa Arezzo, mtawa na mwalimu wa muziki wa Italia, alichukua silabi za mwanzo za mistari ya utenzi wa Kilatini wa sherehe hii, akapata majina ya noti za muziki: ut, re, mi, fa, sol, la, na baadaye “ut” ikawa “do”. Mwalimu wa kwaya awaeleze waimbaji hayo wanapofanya mazoezi.

Chakula kitegemee uwezo wa wanajumuiya. Ugali, kuku wa kienyeji na asali ya Tabora vinatosha. Ubatizo wa watoto siku hiyo unafaa sana, ila uombwe mapema kwa Baba Paroko, maana wazazi na wasimamizi wanahitaji mafundisho.

Mwisho, katibu aitazame kalenda ya liturujia kabla ya kutangaza tarehe. Ikiangukia Dominika, sherehe hii huchukua nafasi ya Dominika hiyo pamoja na masomo yake. Ikigongana na Sherehe ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, ambayo tarehe yake hubadilika kila mwaka, kama ilivyotokea mwaka 2022, huweza kurudishwa tarehe 23, na hapo mkesha nao unasogea hadi jioni ya tarehe 22.