Kutia Nanga Boti Ndogo kwenye Mteremko wa Ziwa Tanganyika

Anayenunua nanga hapa Kigoma huuliza kwanza uzito wake, ilhali kinachoishikisha boti zaidi ni urefu wa kamba. Nanga hujizika inapovutwa kwa ulalo; ikivutwa wima hung'oka, hata iwe nzito namna gani.

Shida ya kwetu ni kina. Ziwa Tanganyika, ambalo lina kina cha mita 1,470 hivi mahali pake parefu kuliko pote, sehemu nyingi huteremka ghafla karibu na ukingo. Pima kwanza kina kwa chubwi (kizito kilichofungwa kwenye kamba), ongeza urefu wa omo, yaani mbele ya boti, kutoka usawa wa maji, kisha zidisha mara 5 kukiwa shwari, au mara 7 kukiwa na upepo. Penye mita 5 za maji na omo la nusu mita, utahitaji kamba ya mita 28 hivi siku tulivu, na karibu mita 39 siku ya upepo.

Chagua kamba ya nailoni, kwa sababu hunyumbuka mawimbi yanapoipiga boti na pia huzama. Ile ya plastiki inayoelea huishia kwenye rafadha za wenzako. Kati ya kamba na nanga weka mnyororo unaokaribia urefu wa boti, na skrubu ya pingu inayoviunganisha ifunge kwa waya isilegee. Nanga yenye mabapa mawili hufaa mchanga na tope, kama la mdomo wa Mto Malagarasi. Penye mawe hufaa ya kucha, lakini ifunge kamba ya pili nyembamba kitakoni, yenye dumu tupu la kuelea, uweze kuinasua kwa nyuma.

Uelekee upepo, simamisha boti, na uishushe nanga taratibu kutoka omo. Kuirusha ni kuivuruga na kamba yake. Acha boti irudi nyuma huku ukitoa kamba, kisha ifunge na uweke kiganja juu yake. Ikitetemeka kwa mikwaruzo, nanga inaburuzwa juu ya mawe; ikikaza na kulegea polepole, imeshika. Linganisha pia mti na paa la nyumba vilivyo nchi kavu: vikianza kuachana bila boti kugeuka, umesogea.

Kwenye mteremko mkali, upepo wa kutoka nchi kavu huivuta nanga kuelekea kilindini, na kamba iliyokuwa ndefu hugeuka fupi ghafla. Hapo nanga peke yake siiamini hata kidogo. Funga kamba nyingine kwenye mti au jabali la ufukweni.

Usiifunge nanga tezini, yaani nyuma ya boti, kwani huko injini imekwisha kuilemea boti na mawimbi huingia upesi. Ncha ya ndani ya kamba ifunge kwenye boti kabla hujashusha chochote. Mimi niliwahi kusahau, nikabaki nimeshika hewa huku nikiitazama kamba ikimalizikia majini.