Jinsi ya Kuubaini Msuko wa Hadithi: Mfano wa Kima na Papa

Mwanafunzi akitakiwa kueleza msuko, au ploti kama wengine wanavyouita, mara nyingi huisimulia hadithi upya kwa kifupi akadhani amejibu swali. Muhtasari hutaja yaliyotokea, ilhali msuko ni jinsi matukio yalivyofungamana hata moja likazaa jingine. Njia ninayoiamini ya kuubaini ni kufuta tukio moja baada ya jingine, huku ukitazama ni nini kinachoporomoka.

Tuijaribu kwa ngano ya kima na papa, ambayo wengi wameisikia utotoni. Kima hukaa juu ya mkuyu ulioinamia bahari, naye kila siku humtupia papa matunda. Papa anamwalika kwao na kumbeba mgongoni. Wakiwa katikati ya bahari anamfichulia kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kuwa wao huacha mioyo mitini wanapotembea, basi warudi wakauchukue. Wanaporudi, anaparamia mti wala hashuki tena.

Futa matunda: papa hana sababu ya kualika, wala kima hana sababu ya kumwamini. Kisha usifute, bali hamisha: papa aseme siri yake wangali ufukweni. Kima angerudi tawini mara moja na hadithi ingekwisha hapo. Kumbe mandhari si pambo la kutajwa kwa mstari mmoja wa jibu, kwa sababu ni maji yaliyomzunguka kima pande zote yanayoufanya mgogoro uwe mgogoro. Kuhusu kilele, wako watakaokiweka kwenye ufichuzi huo. Mimi nakiweka pale mkono wa kima unaposhika tawi, kwa kuwa hadi hapo hatujui kama uongo wake utamfikisha.

Wahusika wapime kwa matendo: andika kwanza alilotenda papa, ndipo umpe sifa, iwe ni ujinga au huruma iliyochelewa. Usimulizi nao ujaribu kwa kubadili nafsi. Ngano hii husimuliwa kwa nafsi ya tatu; kama kima angesimulia mwenyewe, hila yake ingetufikia kabla hajaitamka.

Dhamira, yaani wazo kuu la hadithi, iache hadi mwisho. Papa anapomwita tena, kima humjibu kwa kisa cha punda wa dobi, aliyerairaiwa na sungura kwenda kwa simba, akanusurika, kisha akakubali kurudi na kuuawa. Sungura akaula moyo wake, halafu akadai kwamba punda huyo hakuwa nao, maana angekuwa nao asingerudi. Ukikifuta kisa hicho msuko hauporomoki, kwani kima tayari yuko juu ya mti. Kinachopotea ni sababu ya kutoshuka kwake, na hapo ndipo pa kuanzia kuitafuta dhamira.